Kisimani, Kabla ya Daraja

Tarehe 4 Machi

Kwa mke wa mdogo wangu,

Salamu sitarefusha. Mtoto nasikia anaota jino, basi atafune salama.

Nimesikia pia, na si kwa kupenda, kwamba ile mashine ya gemu imetolewa kabatini. Mdogo wangu alipita hapa juzi na lori lake la soda, akanywa chai, akaropoka kwamba waya wa pedi ya kuchezea umetafunwa. Nikamuuliza, waya gani tena? Akatazama kikombe. Unamjua mumeo anavyotazama kikombe.

Mashine ile si samani ya nyumba yako. Niliitoa kwangu miaka mitatu iliyopita kwa sababu bati la kibanda changu cha kushonea lilikuwa linavuja, nikampa mdogo wangu aiweke mahali pakavu. Nilisema aiweke. Kuchezewa sikusema. Sasa bati nimebadilisha na naitaka: mashine, pedi mbili, waya wa umeme, na ile kaseti ya kijivu yenye gemu. Ifungwe kwa taulo. Usiiwashe tena. Kama inawaka wakati unasoma barua hii, usibonyeze kitu chochote, chomoa tu ukutani.

Sababu sikupi. Mtu hapewi sababu ya kurudisha kitu cha watu.

Namba yako ya simu nilishaifuta, na wewe siku ile mlangoni ulisema sauti yangu usiisikie tena nyumbani kwako. Nimekutii. Karatasi haina sauti. Mdogo wangu naye ameapa kwamba maneno ya mdomo kati yako na mimi habebi, atabeba bahasha iliyofungwa tu. Basi na abebe.

Ni mimi,
Fundi cherehani, dada wa mumeo


Tarehe 9 Machi

Wifi,

Barua yako imefika. Imeletwa na mwanamume anayeshuka mlima na tani kumi nyuma yake bila kupepesa, lakini bahasha ya dada yake ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

Nami sababu sikuombi, ila zangu nitakupa bure. Bwana Mkubwa wangu wa miezi mitano ananyonya mara nane kwa siku, na kila mara ni dakika arobaini. Nikishika simu anageuza kichwa. Nikiwasha taarifa ya habari anageuza kichwa. Nikimwimbia anacheka na ziwa linamtoka mdomoni. Siku moja mwezi wa kwanza mume wangu akaniona nalia saa nne asubuhi, chai imeganda utando, akafungua kabati mwenyewe. Akaunganisha waya mwenyewe. Tukazima sauti, na mtoto akanyonya mpaka akalala.

Gemu lile ni la ajabu. Adui anatokea, anasimama, anakusubiri. Hakupigi mpaka uchague cha kufanya. Mkono mmoja uko kichwani kwa mtoto, kidole gumba kiko kwenye pedi, na yule zimwi anangoja nimcheulishe mtoto kwanza. Katika nyumba hii nzima ndicho kitu pekee kinachonisubiri mimi.

Kwa hiyo mashine haitoki. Ilikuwa ya mume wangu kama ilivyokuwa yako. Na kwa kuwa umeutaja mlango, nitautaja na mimi: siku ya tatu baada ya kujifungua, mshono bado mbichi, ulimchukua mtoto mikononi mwangu mbele ya majirani ukasema, "Lete, wewe hujui kushika." Sasa nashika pedi, wifi, na naishika vizuri.

Wako,
Mama mtoto


Tarehe 18 Machi

Wifi,

Umejaza kurasa mbili na hujanijibu. Miaka kumi na minne niko nyuma ya cherehani. Najua kupitisha uzi juu ya mshono uliofumuka ili mteja asione. Usinifanyie mimi.

Hujasema unacheza na nani. Kaseti ile ina nafasi moja tu ya kusevu, kuhifadhi mlipofika. Ukianza upya umefuta watu, ukiendelea unaendelea na watu wetu. Nao ni wanne. Gemu linakubali jina la herufi nne, ya tano halipokei, na nyumbani kwetu haikutusumbua: BABA, MAMA, KAKA, DADA. Baba ana upanga, Kaka ana shoka, Dada ana upinde. Mama ni mganga, kazi yake kuwaponya wenzake. Tuliwaacha kisimani, upande huu wa daraja refu. Sina neno jingine kwako ila hilo: daraja lisivukwe.

Sasa nijibu mambo mawili. Wamesimama wapi? Na kila mmoja amevaa nini? Fungua ule ukurasa wa mavazi, uniandikie kama ulivyo, mtu kwa mtu. Viatu vya upepo vya Dada usiviguse hata kwa macho makali. Nilivitafuta wiki mbili kwenye lile pango la popo, na nilikuwa na homa.

Mimi ni fundi wa nguo. Nauliza kikazi.

Fundi


Tarehe 23 Machi

Wifi,

Wako pale pale kisimani, watu wako wote wanne, wanatazama maji. Daraja liko kule, wao wako huku. Nimewasha mara moja tu ili nikuandikie, nikazima.

Mavazi haya hapa, chukua na utepe wako upime. Baba: vazi la chuma, ngao ya fedha, kofia yenye pembe. Kaka: koti la ngozi ya joka na glovu. Dada: kofia ya manyoya, na viatu vya upepo, ambavyo nimevitazama kwa macho laini kama ulivyoagiza. Mama: kanzu ya bluu ya uganga, fimbo, pete ya jiwe jekundu.

Natumaini sasa utapata usingizi. Mimi sipati, lakini hilo si la kwako. Mashine itarudi siku mtoto atakapoacha ziwa, na hana haraka, kama ukoo wenu ulivyo kwenye chakula cha watu.

Mama mtoto


Tarehe 1 Aprili

Mwongo wewe.

Baba hana vazi la chuma. Baba ana fulana. Tangu mimi nina miaka kumi na tatu na mdogo wangu ana tisa, Baba amevaa fulana, hana kofia wala ngao, na hatukusahau kumvalisha. Tulimvua. Baba yetu mzazi aliamka asubuhi moja akasema anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Asiyekuwapo na lake halipo. Kila kizuri tulichookota kwenye gemu lile, kutoka pango la popo mpaka ngome ya barafu, tulimvika Mama. Kofia yenye pembe ni ya Mama. Ngozi ya joka ni ya Mama. Kaka alibaki na fulana, Dada alibaki na fulana na viatu vile tu, kwa sababu Mama mwenyewe alikataa nivivue. Alisema msichana asitembee peku.

Namzungumzia mama yangu, maana alikuwa anacheza nasi. Alikuwa mfagiaji wa ofisi za ghorofa. Alirudi saa kumi alasiri, akakaa sakafuni katikati yetu bila kuvua sare, miguu kaitupa mbele, akachagua mwenyewe kuwa mganga.

Kisha akaugua. Akalazwa ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Wiki ile ile tulifika kisimani. Tulikuwa tumepeleka pedi kwa fundi redio aliyetuuzia mashine, naye alikuwa amelimaliza gemu lote. Akatuambia huku anakaza skrubu, hata hakuinua kichwa: "Mkivuka daraja, yule mganga anakufa. Hata mfanyeje." Basi tukakaa upande huu. Tukapigana na mbwa mwitu wale wale kila siku ili Mama apande levo. Tulikuwa tunampelekea daftari wodini kumwonyesha anavaa nini siku hiyo. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Wanangu, mmenianikia nguo zote kama kamba."

Tukaapa kwamba hatuvuki mpaka arudi nyumbani. Hakurudi, na hatukuvuka. Ni miaka kumi na tisa.

Ndiyo maana najua kofia ni ya nani. Sasa wewe uliyewavisha upya watu wa watu, nijibu mstari mmoja. Mama yuko wapi?

Fundi


Tarehe 13 Aprili

Lori limekuja mara mbili bila bahasha. Nasubiri.

Fundi


Tarehe 20 Aprili

Wifi,

Mama amekufa. Darajani.

Nimeandika mstari huo kwanza maana barua nne nimezichana zikiwa zinauzunguka.

Nilipopewa pedi mwezi wa kwanza nilimuuliza mume wangu, "Naanzia wapi?" Akasema, "Endelea tu, usianze mwanzo." Hakusema neno jingine. Nikawakuta watu wanne kisimani, mmoja kavaa duka zima na watatu wana fulana. Nilicheka. Nikajisemea kiporo hiki, mwenye nacho kakisahau mezani, ngoja nikile. Haya ya wodini hakuna aliyeniambia. Ningejua, wifi, ningewaacha wanatazama maji mpaka kiama.

Mara ya kwanza nilivuka naye kama mlivyomwacha, na mavazi yake yote. Katikati ya daraja akatoka mnyama mtoni. Mama akasogea mbele mwenyewe. Pale hakuna cha kubonyeza, pedi inakuwa kipande cha ubao. Jina lake likawa jeupe, likawa la kijivu, likaisha. Halafu kikatokea kisanduku, na Kiingereza changu ni cha shule lakini hicho nilikielewa: Vilivyozama na MAMA. Orodha ikashuka. Kofia, ngao, ngozi, glovu, pete, ikashuka mpaka ikapita chini ya kioo. Wale watatu wakatokea ng'ambo na fulana zao. Mbwa mwitu wawili wakawamaliza.

Nikazima. Sikuwa nimesevu, kwa hiyo nilipowasha alikuwa hai kisimani. Nikavuka tena. Nikamweka nyuma. Nikamnywesha dawa zote kabla. Nikajaribu kumwacha asipande darajani, gemu likakataa. Nilirudia siku nne. Sikujua ni mama wa nani, lakini nilikuwa na mtoto kifuani, na sikupenda kuona neno lile likizimika.

Mara ya tisa nikakaa kisimani, nikafungua ukurasa wa mavazi, nikamvua. Kimoja kimoja, nikawagawia wenzake. Nikavuka. Kisanduku kikaja tena, Vilivyozama na MAMA, na ndani yake hapakuwa na kitu. Nikasevu.

Kuna jingine. Ng'ambo ya daraja kuna mwanamke kakaa juu ya jiwe, ana manati, anaomba kujiunga na safari. Gemu likaniuliza anaitwa nani. Herufi nne. Nikaandika WIFI. Ndilo jina pekee ulilowahi kuniita, na nilikuwa nimechoka kutembeza familia ya watu wanne ambayo mimi simo.

Nilikudanganya mwezi wa tatu kwa sababu uliuliza kwa hasira, nikajua nimevunja kitu, ila sikujua ni nini. Mahali nilikumbuka kukudanganya. Mavazi ya wale watatu nikanakili tu kutoka kwenye kioo, nikidhani hakuna binadamu anayekumbuka kofia ya mwaka ule.

Mama mtoto


Tarehe 27 Aprili

Wewe mwanamke,

Kwa hiyo ulijua. Mara ya kwanza ni ajali, hata ya pili. Lakini mara ya tisa ulikuwa unajua kabisa kwamba anakwenda kufa, ukamkalisha kisimani ukamvua nguo, ukampeleka. Kisha ukakaa pahali pake ukaandika jina lako. Mwenzio hajazama vizuri, wewe umeshapanda juu ya jiwe na manati.

Nitakwambia kitu ambacho mdogo wangu hakijui, naye asikijue. Siku ile wodini nilifika peke yangu kutoka shuleni, nimebeba daftari. Nesi akanipa mfuko wa plastiki. Ndani kuna gauni, kitambaa, sidiria, kandambili. Akasema, "Kagua uweke sahihi kwamba vimetimia." Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikagua nguo za mama yangu juu ya meza ya chuma mbele ya watu wanaopita na chai. Nikasema ndani mwangu, angalau kuna mmoja ambaye hawatamvua. Yule wa kisimani hawatamvua.

Umemvua wewe. Na Baba ukamvalisha vazi la chuma.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kimo nguoni mwa mdogo wangu, kimemzalia na mtoto. Sitaki mashine tena. Itupe. Mpe mtoto atafune kaseti. Na barua zako usiniletee, nitazikata ziwe vipimo vya kola.

Fundi


Tarehe 4 Mei

Wifi,

Umesema nisiandike. Naandika. Ukate kola baadaye, karatasi hii ni nzito, itakufaa.

Habari ya mfuko wa plastiki nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa. Mtoto wa miaka kumi na tatu hapewi kazi ile. Pole sana, wifi. Nakupa pole hiyo peke yake, haina "lakini" nyuma yake. Mume wangu hajaiona barua na hataiona.

Sasa mengine.

Kwa uongo wangu naomba radhi. Kwa kumvua Mama siombi. Ulisema wewe mwenyewe alivyowaambia: mmenianikia nguo zote kama kamba. Mlicheka, na yeye alicheka. Mimi nimeisoma sentensi hiyo huku nina mtoto begani, cheuo shingoni, nepi za asubuhi kwenye mkono mmoja na shati la baba yake kwenye mwingine, na sikucheka. Ule ulikuwa mzaha wa mtu aliyechoka, wifi. Nautambua, naufanya kila siku.

Mlimpenda, mkampa kila kitu akishike. Kofia zenu mkampa, ngao zenu mkampa. Mngevuka mwaka ule, vingezama vyote naye, na nyinyi wawili mngefika ng'ambo uchi. Nilikaa pale kisimani mara ya tisa nikajiuliza kitu kimoja tu: ningekuwa mimi ndiye naondoka, na Bwana Mkubwa wangu anabaki, ningetaka nizame na koti lake? Ningemwambia mtu yeyote aliye karibu, hata wifi yangu asiyenipenda: nivue upesi, ng'ambo kuna baridi, mvalishe.

Baba nimemvisha kwa sababu anasimama mbele, akianguka wanaumia wa nyuma. Hastahili. Nimemvisha kwa faida yenu, si yake. Ukitaka nitamvua kofia, ile yenye pembe haimpendezi hata hivyo.

Na hiyo kanzu ya bluu niliyokuandikia kwamba ni ya Mama, hapo pia nilidanganya. Aliyeivaa ni Dada. Gemu linakubali ivaliwe na watu wawili tu, Mama au yeye, wengine linawakatalia. Tangu aivae anaponya. Hakufundishwa na mtu. Anaponya kidogo kidogo, mara nyingine anakosea zamu, lakini wote wako hai kwa sababu yake. Nilidhani ungependa kujua hilo zaidi ya kujua ni nani wa kutukana.

WIFI kwenye jiwe hakuchukua pahali pa mtu. Sijampa hata kitambaa cha kichwa, maana vitu vyote ni vya wale wanne na sikuona changu. Anatembea peku. Kila vita anapigwa yeye kwanza. Ridhika.

Mashine siitupi na kaseti haitafunwi. Unaitaka, njoo uichukue. Mlango uko pale pale, ila safari hii utabisha hodi.

Mama mtoto


Tarehe 11 Mei
(nyuma ya hati ya mzigo)

Dada,

Barua sijui kuandika, utanisamehe. Nimeegesha kwenye mizani, foleni ni ndefu.

Nyinyi mnadhani sijui kitu kwa sababu bahasha zimefungwa. Bahasha zenu nazipima kwa uzito. Ile ya mwisho ya kwako ilikuwa nyepesi na mke wangu aliisoma akakaa chini. Ile ya mwisho ya kwake ilikuwa nzito, na wewe ulipoipokea hukunipa chai.

Mke wangu ameniambia alikuandikia kwamba nilisema "endelea tu". Ni kweli. Nilijua ninachosema.

Kila mwaka, mwezi aliokufa mama, naitoa mashine kabatini mke wangu akiwa kazini. Naiwasha, nafika kisimani, nakaa. Nashika pedi mpaka mikono inatoka jasho, kisha nazima. Mwaka juzi hivyo, mwaka jana hivyo. Kuvuka siwezi, kuacha siwezi. Nimekuwa na miaka tisa kwa muda mrefu sana, dada.

Mwanangu alipozaliwa nikaona sitaki akue amkute baba yake amekaa kisimani. Mke wangu aliponiuliza anaanzia wapi, nikamwambia endelea. Nikatoka kwenda kuosha lori. Lilikuwa safi. Nikaliosha.

Alipovuka aliniambia tu, "Yule mganga wenu amekufa, nimejaribu siku nne." Nikasema, "Aha." Akaniuliza mbona nimeshika ukuta.

Kwa hiyo hasira yako umeielekeza nyumba sahihi, mtu siye. Nielekezee mimi. Mabega ninayo.

Barua zenu sibebi tena. Kiti cha abiria kipo, kimefutwa vumbi. Hicho nabebea mtu.

Mdogo wako


Tarehe 25 Mei

Wifi,

Hii ameibeba kwa kulazimishwa, nimemwambia ni kipimo cha nguo.

Jumamosi nakuja. Nitakaa kwenye hicho kiti cha abiria, na nitabisha hodi, na nitangoja ufungue. Usidhani nimekusamehe. Nimeahirisha. Huyo ndugu yangu naye nina maneno naye ya kilomita mia mbili, ndiyo maana nimekubali lifti.

Nimemshonea mtoto suruali mbili. Kipimo nimekisia, kwa sababu baba yake nilipomuuliza urefu alionyesha kwa mikono kama mtu anayesifia samaki aliyemkosa. Zikiwa fupi, kosa lake. Zikiwa ndefu, atakua. Na nikifika sitamchukua mikononi mwako. Utanipa ukitaka.

Mashine sitaichukua. Pedi ya pili, ile yenye alama ya meno kwenye kona, ni yangu. Meno ni yangu pia, ya mwaka ule wa pango la popo, kwa hiyo msimsingizie mtoto. Mtanionyesha hiyo kanzu ya bluu. Nimejaribu kukumbuka ni bluu ya namna gani, nikachomoa vitambaa vyote kibandani nikavipanga mezani, mteja akadhani nafunga duka. Nataka kuiona mwenyewe. Nataka kumwona akiponya.

Baba mwache na kofia yake. Imchome.

Kuna jambo moja ulifanye kabla sijafika, maana nikiwa nimekaa hapo mkono wangu unaweza kukataa. Iwashe. Fungua ukurasa wa mavazi. Mvue Dada vile viatu vya upepo, taratibu, umpe yule mwanamke wa manati. Dada ana kanzu sasa, anasimama nyuma, hana haja ya kukimbia. Na mama yangu hakupenda msichana atembee peku.

Kisha sevu, uzime, unisubiri.

Wifi yako